Jinzi ya Kumpokelea Mkweo

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Jumapili mchana, tarehe 14.

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, baba mdogo kifua chake kimetulia, na wadogo zangu wanakula na kulala vizuri. Uliandika kwamba yule wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Mwambie mimi nilikaa na pengo karibu mwaka mzima na nilipona. Huku mvua haijakatika wiki nzima, nguo hazikauki, nyumba yote inanuka unyevu. Mama, dada yako, yupo. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Anauliza kwa nini mimi unaniandikia kurasa nne na yeye mistari mitatu.

Barua yako niliipata siku nyingi. Nimekaa nayo kwenye mkoba mpaka imechakaa pembe. Nisamehe. Kila nilipotaka kujibu nilishindwa nianzie wapi, basi leo naanzia kwenye swali lako, maana ndilo jepesi.

Unasema kazini kwenu siku hizi mnaruhusiwa kuvaa jinzi kila Ijumaa, na umezunguka maduka umerudi na hasira. Ikikutosha mapajani, kiunoni nyuma inaachia nafasi ya kupitisha mkono. Ikikushika kiunoni, basi haipiti magotini. Mama mdogo, wewe hujaharibika mwili kama unavyojitukana. Una kiuno na una nyonga, ila suruali nyingi zinashonwa kwa mtu aliyenyooka kama rula. Nunua inayokaa vizuri kwenye nyonga na mapaja, kiuno mwachie fundi akupunguzie nyuma, ni kazi ya nusu saa. Chukua ya kiuno cha juu, rangi iliyoiva, mguu ulionyooka kuanzia pajani hadi chini. Mifuko ya nyuma iwe mikubwa kiasi na imekaa juu, maana ikishuka inakushusha na wewe. Blauzi yako isiishie pale penye upana wako wote. Iingize ndani, au iishie juu kidogo. Halafu usiijaribu ukiwa umesimama tu kama uko kwenye picha ya pasipoti. Kaa, inama, funga viatu. Ikikubania pumzi dukani, Ijumaa saa nane mchana itakuua.

Hilo limekwisha. Sasa nikueleze kilichoninyamazisha.

Unakumbuka niliandika mwaka jana kwamba vidole vinavimba asubuhi. Daktari wa viungo alipima na kupima, mwisho akaniambia mwili wangu unajishambulia wenyewe, na ulikuwa umeshaanza kugusa figo. Akanipa vidonge vidogo vyeupe, vya kumeza kila siku baada ya chai. Vimeniokoa, hilo naomba nilitangulize. Naweza kushika sindano, naweza kufunga vifungo, na figo bado zinafanya kazi. Lakini vidonge hivyo vina malipo yao, na malipo yenyewe ni umbo langu.

Uso umejaa ukawa duara, macho yamebaki matundu mawili. Tumbo limetangulia mbele kama la miezi saba. Nyuma ya shingo pameota nundu ya nyama. Na wakati juu kunajaa, chini kunaisha: mapaja yamekwisha, makalio yamekwenda nisipopajua, mikono imekuwa fimbo. Ngozi nayo inachubuka hata nikigusa meza. Ni kama nimeazima kiwiliwili cha mtu mmoja na miguu ya mwingine. Nina miaka arobaini na moja, mama mdogo, wewe unanizidi mitatu tu, lakini tukisimama pamoja leo watu watasema nimekuzaa mimi.

Sasa mtu wa kazi nyingine angejifunika gauni pana, yakaisha. Mimi nimeuza jinzi miaka kumi na miwili. Unajua dukani wananiita Jicho kwa sababu sijawahi kumzungushia mteja tepu. Mwanamke akiingia mlangoni, kabla hajafika kaunta nimeshajua saizi yake, mguu gani utamfaa, na uongo gani atanieleza kuhusu tumbo lake. Walikuwa wanakuja kutoka mbali na wanamtaka Jicho, mwingine hawamtaki.

Tajiri, mwenye duka, aliniita siku moja pembeni ya rafu ya mashati. Hakuwa na ubaya, nisimsingizie. Alisema huku akikunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Jicho, stoo imekaa ovyo. Inahitaji mtu anayeijua mali."

"Na kaunta?"

"Kaunta yupo Mama Pacha." Akalikunja tena lile shati. "Unajua mteja wa nguo, anaangalia kwanza zilivyomkaa anayemuuzia."

Kesho yake nilikuta stoo kiti kipya chenye mto, kanunua yeye mwenyewe. Nikakikalia.

Wiki mbili baadaye akaja mama mmoja niliyemvalisha miaka mingi. Kati ya stoo na duka kuna ubao mwembamba, kila neno linapita. Nikamsikia anauliza, "Jicho yuko wapi? Mimi sihudumiwi na mtu mwingine." Mama Pacha akaingia kwangu mbio, kashika mdomo.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie sipo. Amekuwaje siku hizi? Amenenepa?"

"Mabega ni yaleyale. Nyonga zimeongezeka. Ametoka kujifungua miezi michache."

Nikatoa jinzi mbili kwenye boksi, moja nyeusi ya kiuno cha juu chenye kitambaa kinachovutika, nyingine ya buluu iliyoiva. Nikasema, "Mwanzishe na hii nyeusi. Hiyo ya pili hataihitaji." Nikakaa nikisikiliza pazia la chumba cha kujaribia likifungwa, kimya, halafu nikamsikia yule mama anacheka peke yake mbele ya kioo. Kile kicheko nakijua, nimeishi nacho miaka kumi na miwili.

"Huyu Jicho wenu kaenda wapi jamani?"

"Amesafiri," Mama Pacha akajibu.

Basi nikabaki kwenye kiti changu chenye mto, safarini.

Mkweo wakati huo alikuwa mbali. Unajua kazi yake ya greda, barabara ikihama na yeye anahama. Safari hii walikaa miezi minane huko walikokuwa wanachonga barabara, na mtandao wa kambini kwao ni wa kuokoteza. Nikamwambia naumwa viungo, nikamwambia dawa zimeninenepesha kidogo. Hilo neno "kidogo" ndilo kosa langu, sina wa kumsukumia. Akiomba picha namtumia za zamani. Akitaka tuonane kwenye simu nasema kamera imeharibika. Nilijipa moyo kwamba daktari atapunguza dozi, nitarudi nilivyokuwa, na yeye hatajua nilipitia wapi.

Kisha akapiga simu kwamba amepata likizo ya wiki tatu, anaingia Jumamosi na basi la saa nne asubuhi. Sauti yake ilikuwa na furaha mpaka inakatika. "Njoo unipokee stendi," akasema. "Nikukute umevaa jinzi, nimechoka kuona ovaroli."

Nilikuwa na siku sita.

Kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa tulikuwa tunaingia mimi na Mama Pacha, tunawasha taa ya chumba cha kujaribia, naanza. Nilijaribu jinzi kumi na moja. Ya kiuno cha juu ilikwama chini ya tumbo ikakataa kupanda. Nikaongeza saizi mbili, kiuno kikafungika, lakini miguuni ikaning'inia kama imeanikwa kwenye kamba. Ya kubana ilinionyesha vijiti viwili chini ya pipa. Ya mguu mpana ikanifanya pipa zima. Ya lastiki ya wajawazito ndiyo iliyokaribia, Mama Pacha akaizunguka, akainama, akaivuta huku na huku.

"Nyuma imekaa kama gunia lililomwagwa mchele," akasema. Halafu akajishika mdomo.

"Sema tu. Mimi nimewaambia wenzangu makubwa kuliko hayo."

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Yeye aliponyamaza mimi nikawa nimeshahamia kwenye kulia, akanishika mkono, akanichubua bila kujua.

Siku ya tatu akanipeleka kwa Fundi Miwani, yule mzee mwenye cherehani uchochoroni nyuma ya duka, ambaye miwani yake ameifunga kwa uzi masikioni. Miaka yote nilikuwa namtumia wateja wa kupunguziwa pindo, lakini sikuwahi kumkalia kama mteja. Aliniangalia mara moja tu, akashika tepu.

"Usinieleze unavyojiona," akasema. "Nieleze ukichoka unakaaje."

Nikamwonyesha. Akaandika. Akapima kiuno nikiwa nimesimama, akapima tena nikiwa nimekaa. Akapima paja, goti, na urefu kutoka kitovuni kupita katikati hadi mgongoni. Sikuwahi kuona mtu akipima hivyo, na mimi najiita mtu wa jinzi. Akaniagiza jinzi mbili za rangi moja, kubwa na ndogo. Akatoa miguu ya ile ndogo, akatoa kiuno cha ile kubwa, akaviunganisha. Nyuma akaweka lastiki iliyofichwa ndani ya mshipi, mbele akaacha kipande kirefu cha kulaza tumbo. Ubavuni akapitisha utepe wa kitambaa cheusi kutoka kiunoni mpaka chini, jicho la mtu lisome urefu. Mifuko ya nyuma akaing'oa akaipandisha juu, nikaonekana nina makalio tena.

Mama mdogo, ilinikaa. Hii sikuambii kwa kujifariji. Kama angeingia mteja dukani na mwili huu akatoka na jinzi ile, ningejisifu mwezi mzima. Juu nikavaa shati la buluu lenye shingo ya wazi, kwa sababu uso wa duara unataka urefu, na koti jepesi lisilofungwa vifungo, linyooshe mabega na kufunika nundu. Hereni ndefu. Viatu vya soli nene. Mama aliponiona natoka chumbani alisema, "Haya, mtu umempata." Na unamjua dada yako, sifa kwake ni kama kung'olewa jino.

Jumamosi nilifika stendi saa tatu na nusu. Nikasimama karibu na dirisha la tiketi, mahali anapoweza kuniona mtu anayeshuka basi lolote. Lilipoingia lake nilimwona kabla halijasimama. Amekonda, jua limemchoma, begi begani. Akashuka, akaangaza macho. Nikainua mkono. Aliuangalia mkono wangu, halafu akaangalia nyuma yangu kuona namwita nani.

Akaja moja kwa moja upande wangu. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilidhani ananichezea, maana ni mtu wa utani.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa adabu yake ileile uliyompendea. "Samahani, hujamwona mwanamke mmoja hapa, mrefu kiasi, amevaa jinzi?"

"Marahaba," nikajibu. Sijui kwa nini. Mdomo ulijibu kabla yangu.

Ni ile sauti aliyoitambua. Niliona usoni kwake inavyoingia, polepole, kama maji chini ya mlango. Begi likamteleza begani likaanguka. Watu walikuwa wanatupita, mpiga debe anatuambia tusogee. Nikasema, "Ndiye mimi."

Akanikumbatia haraka sana, ili asiendelee kuniangalia. Aliponiachia alishindwa kuuangalia uso, akaangalia chini, kwenye suruali.

"Imekukaa vizuri," akasema.

Na ilikuwa kweli. Ndicho kinachoniua. Imekaa vizuri, na ndani yake hakuniona.

Simlaumu, na wewe usimlaumu. Mimi ndiye niliyemtumia picha za mtu mwingine miezi minane. Alikuwa mwema siku zote alizokaa. Alipika, alifua, alinisindikiza kliniki akabeba faili. Ila alikuwa ananishika kama mtu anayeshika kikombe cha watu, anaogopa kukivunja na anangoja kukirudisha. Alichoniambia kwa wingi ni pole. Nikisimama, pole. Nikikaa, pole. Mume wangu alikuwa ananitania tangu asubuhi, mama mdogo, haniiti kwa jina langu ila kwa jina alilonibandika siku hiyo. Siku hizo hakunitania hata mara moja.

Alasiri moja nilikuwa nimelala, nikaamka nikamsikia jikoni na mama. Anasema, "Mama, nilimwamkia. Mke wangu mwenyewe, nilimwamkia." Akalia kama mtoto. Nikangoja nisikie mama atamjibu nini, maana dada yako hajawahi kukosa la kusema. Nilisikia anaosha sufuria tu.

Likizo ilikuwa ya wiki tatu. Siku ya kumi na moja akasema wamempigia kutoka kambini, wanamhitaji. Simu yake asubuhi hiyo ilikuwa inachajiwa pembeni yangu, na haikuita. Nilimkunjia nguo zake, nikampakia. Anapiga kila Jumapili, hata leo amepiga. Anauliza dawa nimemeza, nasema nimemeza, anasema vizuri. Baada ya hapo tunabaki tunasikilizana tunavyopumua mpaka mmoja aseme mtandao mbaya.

Nilipokwenda kwa daktari nilimwomba apunguze dozi. Akanieleza hatari zake, lakini nilimsihi, akakubali kujaribu. Wiki ya tatu vidole vikavimba vikashindwa kushika kijiko, na kipimo cha figo kikarudi kibaya. Akanirudisha pale nilipokuwa, akapandisha kidogo, akasema tusijaribu tena. Nilimuuliza hata mwakani? Akasema, "Tusipangie mwaka." Akaandika, akanipa karatasi.

Na Jumatano hii iliyopita Tajiri akanijulisha kwamba anabomoa ule ubao, stoo inageuzwa vyumba vya kujaribia. Wateja wamekuwa wengi. Mwisho wa mwezi naondoka. Nimeshakwenda maduka mawili kuulizia kazi. La kwanza waliniambia wataniita. La pili yule msichana alinisikiliza kwa heshima, halafu akaniuliza, "Kazi unamtafutia binti yako, mama?" Nikasema ndiyo. Nikashukuru nikatoka.

Sijakuandikia haya ili uniambie yatapita. Kila mtu hapa ananiambia yatapita, na mimi nimeshazoea kuitikia. Nimekuandikia kwa sababu nyumba hii wote tunazungumza kwa uangalifu, na nimechoka.

Kuna mzigo unakuja kwako. Nimempa yule dereva wa malori rafiki wa baba mdogo, atakufikishia kabla ya Ijumaa mbili zijazo. Ndani mna jinzi saba, zote zangu. Mwili wetu tangu zamani ulikuwa mmoja, hadi tuligombana kwa ajili ya sketi, kwa hiyo zitakukaa bila fundi. Ile nyeusi ya kuchakaa kidogo magotini ndiyo nzuri kuliko zote, usiidharau. Zivae kazini, zivae sokoni, zikichoka zikate uzifanye matambara. Usiniwekee hata moja.

Msalimie sana baba mdogo, mwambie apunguze kukaa kwenye baridi. Wasalimie wadogo zangu mmoja mmoja, na yule mwenye pengo mbusu kwanza. Msalimie bibi upande wa baba mdogo, na jirani yako mshonaji aliyenipa vifungo vile. Mama anawasalimu wote, anasema safari hii angalau ufike mstari wa nne. Mwenyezi Mungu awalinde, awape afya, awaweke mkitambuana.

Uliandika kwamba utakuja mwisho wa mwaka. Njoo. Stendi nitakuja mwenyewe kukupokea. Ukishuka usihangaike kuangaza macho, wala usimuulize mtu. Wewe simama hapohapo mlangoni mwa basi na mizigo yako. Mimi nitakuona, na nitakuita.

Mwanao anayekupenda kama zamani,

Jicho